Siku moja Ironbridge: anzia darajani

Umeuliza kama siku moja inatosha kuutembelea mji wa Ironbridge, Uingereza, na uanzie wapi. Inatosha kwa mambo makuu, ilimradi ufike asubuhi.

Anza na daraja lenyewe juu ya mto Severn. Lilikamilika mwaka 1779, na ndilo daraja kubwa la kwanza duniani kujengwa kwa chuma kilichomiminwa kwenye kalibu. Magari yalipigwa marufuku mwaka 1934, hivyo utavuka kwa miguu bila bughudha. Lakini usivuke tu ukaondoka! Shuka hadi ukingoni ulitazame kwa chini, uone jinsi vyuma vilivyounganishwa. Mafundi walitumia maungio ya useremala, ulimi ndani ya tundu, maana ndiyo waliyoyajua. Daraja la chuma la ukubwa ule halikuwa na mfano. Mimi hapo ningekaa saa nzima.

Kisha nenda Coalbrookdale, ni jirani tu. Huko mfua chuma Abraham Darby alianza kuyeyusha madini ya chuma kwa koki, yaani makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza ili kuondoa uchafu, mwaka 1709, na mabaki ya tanuri la zamani bado yapo.

Kama una watoto, basi acha Coalbrookdale uwapeleke Blists Hill, kijiji cha makumbusho chenye maduka na karakana za enzi za Malkia Victoria. Pale peke yake panamaliza nusu siku. Vaa viatu imara, kwani kingo za bonde ni mwinuko mkali, na uangalie mapema saa za kufunguliwa kwa makumbusho.