Picha za nyumba ya William S. Hart
Je, picha za kuchorwa zilizo katika nyumba ya William S. Hart ni nakala za kupambia filamu tu? Hapana. Picha zilizomo katika nyumba ya Hart kule Newhall, California, ni kazi halisi za wachoraji wa Magharibi ya Marekani kama Frederic Remington na Charles M. Russell; huyu Russell alikuwa rafiki wa Hart. Hart, nyota wa filamu bubu za wachunga ng'ombe, alizikusanya mwenyewe pamoja na mazulia yaliyofumwa na Wanavajo, kabila la wenyeji asilia wa Marekani. Alipofariki mwaka 1946, wosia wake uliiachia kaunti ya Los Angeles nyumba na ranchi, maana alitaka watazamaji waliomtajirisha kwa sarafu zao ndio wairithi. Ila nyati wa Amerika wanaofugwa chini bondeni katika ranchi hiyo hawakutoka kwake: kundi lao lilianza na nyati waliotolewa na Walt Disney mwaka 1962.