Simu sita, dokumentari moja

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni vijana sita wa Moshi. Tunataka kutengeneza dokumentari kuhusu safari yetu ya miguu kutoka lango la Marangu hadi kambi ya Mandara, katika Mlima Kilimanjaro, kila mmoja akirekodi kwa simu yake. Tufanye nini ili isionekane ya viraka?

JIBU: Kabla ya kupanda, wekeni simu zote katika mpangilio mmoja, yaani picha ya ulalo, fremu 25 kwa sekunde na saa zinazolingana, kwa sababu atakayehariri atapanga vipande kwa kufuata muda uleule. Hata hivyo, kinachoziponza filamu nyingi za vijana ni sauti: ndani ya msitu wa Marangu mtasikika vizuri, lakini mkitoka penye upepo maneno yote yatamezwa, hivyo mmoja wenu abebe maikrofoni yenye kifuniko cha manyoya na asipewe kazi nyingine. Mbega wakitokea matawini, nyamazeni na mrekodi sauti ya mahali hapo kwa dakika nzima. Itawafaa sana kuunganishia vipande. Betri huishiwa haraka kwenye baridi, kwa hiyo zile za akiba zikae ndani ya koti.

Ulizeni mapema kuhusu vibali katika Bodi ya Filamu na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na msirushe droni bila ruhusa. Wapagazi nao waombwe ridhaa kabla ya kurekodiwa, kwani wako kazini.