Maswali ya Wasomaji: Pikapu Inayokula Oili

SWALI: Ndugu Mtaalamu wa Magari, nakusalimu. Nina pikapu ya Toyota Hilux ya dizeli yenye injini ya aina iitwayo 3L, isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini), ambayo naitumia kushusha ndizi kutoka Kibosho hadi soko la Mbuyuni mjini Moshi, na mara chache hufika nayo soko la Kilombero, Arusha. Kwa miezi kadhaa sasa gari hili linakula oili. Kila Jumamosi nikipima hapa nyumbani naikuta iko chini ya alama ya chini, nami huongeza lita 1, ilhali kwa wiki silitembezi zaidi ya kilomita 400 hivi. Asubuhi huwaka kwa kusumbua kidogo na kutoa moshi kwa dakika chache, kisha moshi hukatika. Mlima linapanda vizuri, na mahali linapolala sioni matone. Fundi ameniambia kwamba ringi (pete za chuma zinazozunguka pistoni) zimekwisha, hivyo injini ishushwe, bloku (mwili wa injini wenye silinda) ichongwe na pistoni mpya zifungwe. Je, nikubali? — Msomaji, Kibosho

JIBU: Ndugu msomaji, usikubali kwanza. Sisemi kwamba fundi wako amekosea, kwa maana ringi zilizolika ni sababu ya kweli ya injini kula oili. Lakini maelezo yako mwenyewe hayalingani na hukumu hiyo, na kazi anayoipendekeza ni kubwa mno kuanzishwa kwa kukisia.

Tuanze na hesabu. Lita 1 kwa kilomita 400 ni sawa na lita 2 na nusu kwa kilomita 1,000. Watengenezaji wengi wa magari huchukulia lita 1 kwa kilomita 1,000 kuwa mpaka ambao ukivukwa injini inahitaji kuchunguzwa, na binafsi nikiona injini ya dizeli imefika nusu lita kwa umbali huo huanza kuitazama kwa makini. Injini inayounguza oili kwa kiasi unachokitaja wewe haiwezi kuficha jambo hilo: ingetoa moshi wa bluu mchana kutwa, hasa inapopanda na mzigo, ingekosa nguvu, na anayekufuata nyuma angefunga vioo. Wewe unasema gari linapanda vizuri na moshi hukatika baada ya dakika chache. Basi ama oili inatoka kwa njia nyingine, ama haipungui kwa kiasi unachodhani.

Nimesimama kwenye maneno yako kwamba unapima hapa nyumbani. Nyumba nyingi za Kibosho ziko kwenye mteremko, na gari likiwa limeinama, oili ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) hukimbilia upande mmoja, kwa hiyo dipstiki (kijiti cha kupimia oili) inaweza kuonyesha kwamba imepungua ilhali ipo ya kutosha. Ukiongeza lita 1 kwa kipimo hicho, injini inazidishiwa oili. Ikizidi, krenkshafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, huipiga, hutoka povu, na mvuke wake husukumwa kupitia mpira wa kupumulia unaotoka kwenye kifuniko cha juu cha injini kwenda kwenye njia ya hewa, ambako huvutwa ndani na kuunguzwa. Hapo injini inakula oili kweli, lakini ile iliyozidi, na kila Jumamosi unairudishia. Jambo hili nimeliona kwa wenye magari wengi wanaoishi miinuko ya Kilimanjaro na Meru, na inasikitisha kwamba ni mafundi wachache wanaomuuliza mteja mahali anapopimia.

Kwa hiyo fanya hivi kwa wiki mbili kabla ya mtu yeyote kushika spana. Tafuta mahali tambarare mjini Moshi na upafanye kuwa ndipo pa kupimia siku zote. Pima injini ikiwa imepata moto, baada ya kuizima na kusubiri kama dakika 10 ili oili iliyo juu ishuke. Futa dipstiki, ichomeke hadi mwisho, itoe na usome. Kisha rudia, kwa sababu usomaji wa kwanza mara nyingi huchafuliwa na oili iliyoshika kwenye bomba lake. Ukikuta imepita alama ya juu, fungua nati ya sampu kwa uangalifu na upunguze hadi ifike kwenye alama. Andika kwenye daftari kilomita zinazosomeka kwenye gari siku hiyo. Baada ya hapo usiongeze chochote mpaka ifikie alama ya chini mahali palepale, na kila unachoongeza ukipime kwa chombo, usikadirie kwa jicho. Katika injini nyingi nafasi kati ya alama hizo mbili ni karibu lita 1, kwa hiyo utapata jibu lenye namba badala ya hofu.

Kuhusu moshi wa asubuhi, rangi yake hukuitaja, nayo ndiyo inayobeba habari. Simama nyuma ya ekzosi gari linapowashwa. Ukiwa mweupe au wa kijivu, unachoma macho na unanuka dizeli mbichi, hiyo si oili. Ni dizeli isiyoungua kwa sababu injini ni ya baridi, na kwa gari linalosumbua kuwaka ningeshuku kwanza plagi za kupashia moto au nozeli zinazopulizia dizeli, hasa katika baridi ya Juni na Julai huko mlimani. Ukiwa wa bluu, kisha ukakatika injini inapopata moto, huenda sili za vali (mipira midogo inayozuia oili kupita kwenye vali) zimekauka na oili inadondokea kwenye silinda usiku kucha. Sili hizo ni ndogo na bei yake ni nafuu, na kuzibadilisha hakuhitaji bloku kuchongwa. Ringi zilizokwisha zina tabia tofauti: moshi wa bluu huendelea hata injini ikiwa na moto, na huongezeka kadiri unavyokanyaga mafuta na mzigo unavyokuwa mzito.

Kutokuona matone mahali gari linapolala si uthibitisho kwamba halivuji. Oili husukumwa na pampu injini ikiwa inafanya kazi tu, na mvujo mwingi wa namna hiyo hukoma pale unapozima. Katika injini yako kuna mahali ambapo mafundi husahau kupatazama: nyuma ya alteneta imefungwa pampu ya vakyumu inayosaidia breki, nayo hulainishwa kwa oili ya injini inayopelekwa na kurudishwa kwa mipira yake. Mipira hiyo ikikakamaa au sili ya pampu ikilika, oili hurushwa barabarani wakati wa safari, na nyingine huingia ndani ya alteneta yenyewe. Pitisha kidole chini ya alteneta. Ukikuta tope jeusi laini, lililotokana na vumbi kushikwa na oili, umepata mahali pa kuanzia. Osha injini yote vizuri, nenda Arusha na kurudi, kisha ingia chini ya gari na tochi utazame panapong’aa upya: mzunguko wa kifuniko cha juu, sili ya mbele ya krenkshafti, chujio la oili, na pale injini inapokutana na giaboksi.

Ikiwa daftari litaonyesha kwamba oili inapungua kweli, na injini ni kavu kwa nje, hapo ndipo tuzungumze habari za ringi. Injini ikiwa na moto na inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, fungua kifuniko cha kujazia oili na ukigeuze, ukiweke juu ya tundu bila kukikaza. Kucheza kidogo ni kawaida. Kikirushwa kwa nguvu na moshi ukatoka kama wa jiko la kuni, gesi za mlipuko zinapita kando ya pistoni. Baada ya kipimo hicho dai kompresheni, yaani shinikizo la hewa inayobanwa ndani ya silinda, ipimwe kwa geji ya dizeli, kwa sababu geji ya injini za petroli haihimili shinikizo hilo. Usiruhusu fundi amimine oili nyingi kwenye silinda ili kulinganisha, kama ifanywavyo kwa petroli: nafasi iliyo juu ya pistoni ya dizeli ni ndogo sana, na oili haibanwi, kwa hiyo chuma kinaweza kupinda. Silinda zote nne zikikaribiana na zikiwa ndani ya kiwango cha mtengenezaji, ringi zako hazistahili lawama.

Na ikithibitika kwamba zimekwisha, usilipe hata shilingi kabla ya kuuliza kilichozimaliza. Kwa mikoa yetu jibu la kawaida ni vumbi. Fungua mpira unaotoka kwenye eaklina (chujio la hewa) kuelekea injini, futa ndani yake kwa kitambaa cheupe, na kikitoka na vumbi, kuna ufa au klipu imelegea. Injini mpya itakayofungiwa mpira huo huo italika kama ile ya kwanza. Vilevile, ringi mpya zisifungwe kwenye silinda ambayo haijapimwa, kwani ikiwa imelika hadi kuwa na umbo la yai haitazibwa na ringi yoyote.

SWALI: Pikapu yangu ni ya dizeli yenye tabo. Nikikaa kwenye foleni kisha nikakanyaga mafuta, inatoa wingu la bluu, halafu inakuwa safi. Je, tabo imekufa? — Msomaji, Ngaramtoni, Arusha

JIBU: Inawezekana, ila usinunue nyingine bado. Tabo hupelekewa oili kwa shinikizo, nayo hushuka kwenye sampu kwa uzito wake tu, kupitia bomba la kurudishia. Bomba hilo likiziba kwa masizi, au injini ikiwa na gesi nyingi ndani yake, oili hukosa pa kushukia na kupita kwenye sili ya tabo isiyo na kasoro. Tabo mpya ikifungwa hapo itavuja vilevile. Safisha bomba hilo na mpira wa kupumulia kwanza, kisha, injini ikiwa imezimwa na imepoa, shika shafti ya tabo: kuyumba kidogo sana pembeni kunakubalika, lakini mapanga yakigusa ukuta, au shafti ikienda mbele na nyuma kwa kiasi unachokihisi, imelika.

Usichelewe kulishughulikia. Injini ya dizeli inayovuta oili nyingi kutoka kwenye tabo inaweza kuanza kujiendesha kwa oili hiyo, ikapanda mizunguko yenyewe na kukataa kuzimika hata ukitoa ufunguo. Likikupata hilo kwenye gari la gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu zote, weka gia kubwa na uachie klachi ili injini izimwe kwa lazima; abiria na mafundi wakae mbali na boneti.

SWALI: Nimeshauriwa nitumie oili nzito ya 50 ili gari liache kula oili. Ni sawa? — Msomaji, Himo

JIBU: Oili nzito hupunguza ulaji kwa muda kwa sababu hupita kwa shida zaidi kando ya ringi. Kwa injini kuukuu iliyokwisha kupimwa, ambayo mwenyewe anakusanya fedha za kuitengeneza, sipingi kutumia 20W-50 katika joto la Himo, mradi kitabu cha gari kinairuhusu. Oili ya 50 tupu, isiyo na namba yenye W inayoonyesha wepesi wake kwenye baridi, sikushauri kwa gari linalolala kwenye baridi, kwani asubuhi huchelewa kufika juu kwenye kamshafti (mhimili unaofungua vali) na tabo. Kwa injini ambayo bado haijapimwa, baki na oili iliyotajwa na mtengenezaji hadi upate namba zako, kwa sababu ukibadilisha uzito wa oili katikati ya kipimo hutajua kilichopunguza ulaji ni nini.