Maswali na majibu: Mamdani na hesabu za mchujo wa New York

Maswali ya leo yanahusu mchujo, yaani kura ya ndani ya chama cha Democratic ya kumpata mgombea umeya New York, Juni 24, 2025.

Tafiti za maoni zilimpa Andrew Cuomo, gavana wa zamani wa jimbo, uongozi kwa miezi. Ilikuwaje mbunge wa jimbo Zohran Mamdani akaibuka mbele?

Wengi wenu mnasoma mstari wa kwanza wa utafiti na kuufunga. New York mpiga kura hupanga wagombea hadi watano, kuanzia anayempenda zaidi. Asipopatikana wa kuvuka nusu, wa mkiani anaondolewa na kura zake zinakwenda kwa chaguo linalofuata, na hivyo hivyo hadi wabaki wawili. Utafiti wa maoni wa chuo cha Emerson uliotoka siku moja kabla ulimweka Cuomo juu kwenye chaguo la kwanza, lakini mwisho wa mizunguko Mamdani alikuwa na karibu 52 kwa 48. Jibu lilikuwa chini ya ukurasa.

Usiku wa kura Mamdani alipata takriban asilimia 44, Cuomo 36, na Brad Lander, mkaguzi wa fedha wa jiji, 11. Lander na Mamdani walikuwa wameungana mkono, kila mmoja akiwaambia wafuasi wake wampe mwenzake nafasi ya pili. Matokeo ya mizunguko yalipotoka Julai 1, ilikuwa Mamdani 56, Cuomo 44. Anayeongoza bila marafiki nafasi ya pili hana uongozi wa kujivunia.

Kwa hiyo bila kura za kuhamishwa asingeshinda?

Kwa kanuni ya zamani, angeshinda usiku ule ule kwa asilimia zake 44. Kabla ya mfumo huu wa kupanga wagombea, jiji lilidai asilimia 40 tu. Marudio yalifanyika pale ambapo hakuna aliyeifikia.

Nikiandika jina moja nafasi zote tano, namwongezea nguvu?

Hapana. Inahesabiwa mara moja. Kosa baya zaidi ni kuwapa wawili nafasi moja: kuanzia hapo kwenda chini karatasi yako haihesabiwi.

Mamdani alipata wapi fedha za kampeni?

Kwa wachangiaji wadogo, na kwa jiji. Mgombea umeya mwenye wachangiaji wakazi 1,000 na dola 250,000 kutoka kwao huongezewa dola 8 kwa kila dola 1, kwa dola 250 za kwanza za kila mkazi. Ukitoa dola 10, anapata 90. Upande wa pili, Michael Bloomberg, bilionea na meya wa zamani, peke yake alitoa zaidi ya dola milioni 8 kumsaidia Cuomo. Wanaoamini fedha nyingi ndiyo kura waipitie hesabu hii tena, hata huku kwetu.

Mamdani ni mzaliwa wa Kampala, lini atagombea urais wa Marekani?

Hawezi. Katiba yao inataka raia wa kuzaliwa, yeye alipata uraia 2018. Tafadhali msiniulize tena.

Nina grini kadi na naishi Bronx. Nipige kura mchujo ujao?

Usithubutu! Sheria ya jiji iliyotaka kuwaruhusu wasio raia ilifutwa na mahakama ya juu ya jimbo Machi 2025. Asiye raia akipiga kura anaweza kufukuzwa nchini, na "sikujua" haimwokoi kirahisi. Ukishapata uraia, jiandikishe na uchague chama pale pale kwenye fomu, angalau siku 10 kabla ya kura. Aliyekwisha kujiandikisha bila chama, au kwa chama kingine, mwisho wake wa kuchagua au kubadili chama ni Februari 14. Wengi hukumbuka Mei, na wanakosa mchujo.

Mamdani aliahidi mabasi ya bure na kodi za nyumba zisipande. Anaweza?

Vitu viwili tofauti. Mabasi ni ya MTA, shirika la usafiri la jimbo, na fedha za kufidia nauli zinahitaji ridhaa ya serikali ya jimbo iliyoko Albany. Kodi ni rahisi zaidi: bodi inayopanga ongezeko la kodi kwa nyumba takriban milioni 1 ambazo kodi yake inadhibitiwa ina wajumbe 9, wote wakiteuliwa na meya. Lakini vipindi vyao haviishi siku moja, kwa hiyo angalieni nafasi zipi zinakuwa wazi kabla ya kura yao ya kila Juni. Na kama nyumba yako haimo kwenye udhibiti huo, ahadi hiyo haikuhusu.