Je, kijana mwenye usonji hana ucheshi?

Ndugu muulizaji, umeuliza kama mpwa wako mwenye usonji (tofauti ya ukuaji wa ubongo inayogusa namna mtu anavyowasiliana na wengine) amekosa ucheshi, kwa kuwa hacheki wengine wanapotaniana mezani. Dhana hiyo ni ya zamani: Hans Asperger, daktari wa Vienna, aliandika mwaka 1944 kwamba watoto wa aina hii hawana ucheshi, ingawa yeye mwenyewe alikiri kuwa baadhi yao ni hodari wa kucheza na maneno. Bahati mbaya, watu walishika nusu ya kwanza tu.

Kinachomkwaza kijana wako huenda ni kejeli, ambayo maana yake hukaa kwenye sauti na uso badala ya maneno. Ukimwambia aliyechelewa, "Leo umewahi kweli!", yeye atakujibu kwa utulivu kwamba amechelewa dakika ishirini, na wala hajakosea. Mtu huyohuyo anaweza kucheka hadi machozi kwa tangazo la dukani lililokosewa herufi moja, kisha akalirudia wiki nzima (mtavumilia tu). Mwaka 2012 Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye naye ana usonji, alieleza kwamba kutoelewana kati ya wenye usonji na wasio nao ni kwa pande mbili; ndivyo ilivyo hapa, maana nasi tusio na usonji hatuushiki utani wao. Tena Hannah Gadsby wa Australia, mwenye usonji, anaishi kwa kuchekesha watu jukwaani.

Chunguza anachekea nini akiwa peke yake, kisha mwombe akueleze. Akianza kucheka kila wenzake wanapocheka, muulize faraghani kama ameelewa, kwani wengi hujifunza kuigiza kicheko ili wasisumbuliwe.