Vazi la mbio kwa mwogeleaji mtu mzima: kanuni, saizi na namna ya kulivaa bila kulichana

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Kwanza, utajuaje kama vazi la mbio unaloliona dukani linakubalika kwenye mashindano ya bwawani? Pili, kwa mtu aliyevuka miaka 40 anayeshiriki mita 50 na 100 mtindo huru pamoja na mita 100 za kifua, kuna haja ya kununua lile la bei ya juu kabisa?

Naanza na la pili kwa kuwa ndilo linalowapotezea watu hela. Hakuna haja. Vazi la daraja la kati linalokukaa barabara litakufaa kuliko la daraja la juu linalokubana mpaka pumzi inakuwa fupi, au linaloingiza maji mgongoni kila ukijisukuma ukutani. Angalia mkao kwanza, teknolojia ifuate.

Upande wa kanuni si mgumu ukijua zilikotoka. Mwaka 2008 na 2009 mavazi ya poliyurethani (aina ya plastiki) yalifunika mwili karibu wote na kumsaidia mtu kuelea, na kwenye mashindano ya dunia ya Roma mwaka 2009 zikavunjwa rekodi 43 za dunia. Kuanzia 1 Januari 2010 FINA, shirikisho la kimataifa la kuogelea, ikayapiga marufuku. Tangu hapo vazi la mwanamume bwawani halipandi juu ya kitovu wala halishuki chini ya goti. La mwanamke halifuniki shingo, halivuki bega na halishuki chini ya goti. Kitambaa kiwe cha nyuzi, kiwe kinapitisha hewa, na unene usizidi milimita 0.8. Zipu na vifungio vingine havitakiwi, isipokuwa kamba ya kiunoni kwa wanaume. Unavaa vazi moja tu, kwa hiyo ule mtindo wa kuvaa chupi ya mazoezi ndani ili "libane vizuri" unaweza kukuondoa kwenye mbio. Plasta za misuli nazo usizibandike bila idhini.

Dukani, geuza vazi uangalie nyuma. Lenye idhini lina lebo ya nje yenye msimbo. FINA ilibadili jina kuwa World Aquatics mwishoni mwa 2022, kwa hiyo utakutana na lebo za majina yote mawili. Lebo peke yake isikutosheleze: chukua msimbo, ingia kwenye orodha ya mavazi yaliyoidhinishwa kwenye tovuti ya World Aquatics, uhakikishe jina la modeli na umbo lake vinalingana na ulichoshika mkononi. Idhini hutolewa kwa modeli, haitolewi kwa kampuni nzima. Wanaoagiza mtandaoni hunaswa zaidi na mavazi ya triathloni, ule mchezo wa kuogelea, baiskeli na kukimbia. Kwenye picha yanafanana kabisa na ya bwawani, kumbe yana zipu mgongoni. Mbio za maji ya wazi nazo zina kanuni zake, ambako vazi linaweza kufika kwenye kifundo cha mguu, kwa hiyo usichanganye orodha hizo mbili.

Soma pia taarifa ya mashindano yenyewe. Mashindano madogo ya klabu mara nyingi hayafuatilii sana lebo, lakini ukitaka muda wako utambuliwe rasmi, nenda na vazi lililo kwenye orodha. Kama unahitaji kufunika mwili zaidi kwa sababu za dini au afya, waandikie waandaaji mapema upate jibu la maandishi, na siku ya mashindano uje nalo.

Sasa kitambaa, na hapa ndipo tofauti ya bei inapotokea. Karibu yote ni nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kuvutika. Kinachotofautiana ni ufumaji. Kitambaa kilichosukwa kwa nyuzi za wima na za mlalo ni chepesi, kinabana sana, kinafukuza maji, lakini hakivutiki sana na kikikwama kwenye ukucha kinachanika. Kile kilichofumwa kwa vitanzi, kama fulana, kinavutika zaidi, kinanyonya maji kidogo, kinavalika kwa urahisi na kinadumu. Kisha kuna mishono: ya kushonwa kwa uzi au ya kugandishwa kwa joto. Iliyogandishwa haina matuta juu ya ngozi wala majini, ila ndiyo ya kwanza kuachia ukiivuta ovyo.

Mavazi ya juu huwa na tabaka la pili au mikanda ya ndani kwenye makalio na nyuma ya mapaja. Kazi yake ni kuzuia nyonga zisizame na kukusaidia kubaki umenyooka. Kwa mita 50 mtindo huru ni msaada wa kweli. Kwa mtindo wa kifua ni habari nyingine: kila teke unakunja nyonga na magoti, na kitambaa kigumu kinapingana nawe mara zote hizo. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji hutoa matoleo mawili ya vazi lile lile. Mizuno, kwa mfano, wana GX-Sonic ya ST kwa mbio fupi na MR iliyo laini zaidi kwa mbio mchanganyiko. Kwa orodha yako ya mbio, MR au chochote cha aina hiyo ndicho ningekushauri. Utapoteza kidogo kwenye 50, utapata zaidi kwenye 100 ya kifua.

Saizi. Usitumie saizi ya vazi lako la mazoezi. Chukua futi kamba ya fundi cherehani: mwanamume apime kiuno, nyonga mahali penye unene zaidi, na paja. Mwanamke apime kifua, kiuno, nyonga, kisha mzunguko wa kiwiliwili, yaani kutoka juu ya bega, kupita mbele hadi kati ya miguu, na kurudi mgongoni hadi bega lile lile. Kipimo hicho cha mwisho ndicho kinachosahauliwa, na ndicho kinachosababisha mikanda kuchimba mabega. Linganisha na jedwali la kampuni hiyo hiyo, kwa sababu namba 28 ya huyu si 28 ya yule. Ukiangukia kati ya saizi mbili, mtu mzima achukue kubwa. Vijana huambiwa wachukue ndogo, lakini wao hawajabeba tumbo na nyonga zetu, wala hawakai na vazi saa nzima wakisubiri mbio zao huku mikono ikifa ganzi.

Ukishavaa, chuchumaa mpaka chini, kisha simama unyooshe mikono juu ukiwa umefunga viganja, halafu vuta pumzi ndefu. Ukishindwa kuchuchumaa, mapaja yakianza kuwasha kama yamekufa ganzi, au kitambaa kikawa cheupe na kuonyesha ngozi kwenye mishono, ni dogo. Ukiona mikunjo chini ya mgongo au kidole kinaingia bila shida kwenye pindo la paja, ni kubwa, na huko ndiko maji yatakakoingia ukiruka.

Namna ya kulivaa ndiyo inayochana mavazi mengi kuliko mbio zenyewe. Kata kucha, vua pete, jikaushe kabisa, na usipake mafuta yoyote. Tenga nusu saa kwa mara ya kwanza. Vaa mfuko laini wa plastiki mguuni ili kitambaa kiteleze, ukishapita kisigino uutoe. Kisha panda kidogo kidogo, mguu huu, halafu ule, ukikamata kitambaa kwa nyama za vidole, si kwa kucha, na kamwe usivute pindo wala mshono.

Hapa kuna kosa moja la kuangalia kwa makini. Watu huacha pindo palepale gotini halafu wanaanza kupandisha kiunoni. Kitambaa chote kinabaki kwenye mapaja, kati ya miguu kunakuwa na nafasi, na kwa mwanamke mikanda haifiki mabegani mpaka avute kwa nguvu. Hapo ndipo mshono wa makalio unaachia. Pandisha mapaja kwanza mpaka pindo likae vidole vitatu hivi juu ya pia ya goti na kitambaa kiguse kati ya miguu, ndipo uvuke nyonga: kidogo mbele, kidogo ubavuni, kidogo nyuma, ukizunguka. Likishakaa unaweza kulishusha pindo kidogo mahali pake. Mwanamke mwenye mbio zilizoachana anaweza kushusha mikanda mabegani kati ya mbio moja na nyingine apumzike.

Pasha mwili ukiwa na vazi la poliesta la mazoezi, usilichoshe la mbio. Ukimaliza, suuza kwa maji baridi yasiyo na klorini, usilikamue, likandamize ndani ya taulo, kisha lianikwe kivulini. Mashine ya kufulia, jua kali na sauna vinaua nyuzi za kuvutika. Ili kujua kama bado linafukuza maji, dondoshea matone machache likiwa kavu: yakisimama kama shanga, bado linafukuza, yakilowa papo hapo, libaki la mbio za majaribio. Kabla ya kila mashindano lichunguze mwangani kwenye mshono wa kati ya miguu na wa makalio, na kwenye begi beba vazi jingine lenye idhini, kwa sababu likichanika dakika kumi kabla ya kuitwa huwezi kulishona.