Maswali Yenu: Baba aliokoa watu MV Bukoba, tumfanyie sherehe?

*Shikamoo anti. Mimi ni kijana wa miaka 27, niko Mwanza, baba yangu ni mvuvi tangu ujana wake. Mama ndo alituambia kwamba siku meli ya MV Bukoba inazama Ziwa Victoria baba alikuwa ziwani na akaokoa watu, yeye mwenyewe hajawahi kutuambia kitu. Kila tarehe 21 Mei haendi ziwani, anakaa mlangoni anashona nyavu mpaka jioni, hata chai hagusi. Mwaka huu mimi na wadogo zangu tumechanga hela tumfanyie sapraizi, tisheti zenye picha yake, keki na MC. Mjomba anasema tunakosea. Tunakosea wapi?*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeirudia mara tatu, na niseme tu mjomba wako yuko sahihi, ila nia yenu ni nzuri sana msiiache.

Tatizo ni hili, nyie mnaiona 21 Mei kama siku baba aliyookoa watu, na yeye huenda anaiona kama siku ya wale aliowaacha majini. Wewe ni mtoto wa mvuvi, unaujua mtumbwi, unajua unabeba wangapi. Watu kumi wakishika ubavu mmoja kwa pamoja unapinduka na aliyekuja kuokoa naye anakuwa wa kuokolewa. Sasa fikiria asubuhi ile ya Jumanne mwaka 1996, meli imetoka Bukoba jana yake jioni ikapitia Kemondo, imeruhusiwa kubeba watu 430 na imejaa kupita kiasi, mikungu ya ndizi kibao, imebaki kidogo tu ifike bandarini ikapinduka. Wanaokadiriwa kufa ni zaidi ya 800. Mtu mwenye kasia mkononi alilazimika kuchagua mkono gani aushike, na hakuna aliyemfundisha kuchagua. Halafu akarudi nyumbani, kesho yake maisha yakaendelea, nani alimuuliza umelalaje?

Siku hizi angalau tumejifunza kidogo. Ile ndege ya Precision Air ilipotumbukia ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, watu 19 walifariki na 24 wakapona, na waliowafikia mwanzo ni wavuvi. Kijana Majaliwa Jackson alienda na kasia kusaidia mlango ufunguke, akajaribu na kwa marubani mpaka kamba ikampiga akazimia, akazinduka yuko hospitali. Nchi nzima ikamjua, akapewa shilingi milioni moja na Rais Samia akaagiza aingizwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Nilifurahi kwakweli, nililia. Ila nikawaza pia wale wa 1996 ambao hakukuwa na simu ya kuwapiga picha, wengi wamezeeka huko mialoni na wengine tumeshawazika na hakuna mahali majina yao yameandikwa.

Kwahiyo fanyeni hivi. Tarehe 21 keki na MC waachie wenye harusi, wewe siku hiyo usiende kazini, kaa chini mlangoni pale ushike upande wa pili wa nyavu mshone wote. Usimuulize chochote. Akinyamaza mpaka jioni nyamaza naye. Siku nyingine, hata mwezi upite, muulize vitu vidogo vidogo, mtumbwi ulikuwa wa nani, mlikuwa wangapi, hali ya ziwa ilikuwaje. Kamwe usianze na "uliokoa wangapi", maana hesabu hiyo ina upande wa pili. Akianza kusimulia muombe ruhusa umrekodi kwenye simu. Na zile hela mlizochanga nunueni maboya ya kuvaa ya watu wote wa mtumbwi wake, mumpe tu kama zawadi ya kawaida, hilo naamini atalielewa kuliko tisheti.

*Anti, ni kweli kwamba watu walikuwa hai ndani ya meli na waliotoboa ndo waliwaua? Hapa kijiweni tumebishana nusu tugombane. Msomaji, Geita.*

Ni kweli meli ilipopinduka haikuzama palepale, ilielea kichwa chini kwa saa kadhaa na ndani kulikuwa na hewa, waliokuwa juu yake walisimulia kusikia watu wanagonga. Wakatoboa chini ya meli ili wawatoe, hewa iliyokuwa imeishikilia ikatoka, maji yakapanda, meli ikaenda chini. Uamuzi ulikuwa mbaya na umetuumiza wote. Lakini neno "waliwaua" mimi silikubali, waliotoboa walikuwa wanasikia binadamu wanagonga na walitaka watoke. Lawama ipelekeni kwa waliojaza meli kupita kiasi na kwa nchi kutokuwa na wazamiaji na vifaa karibu. Na mwaka 2018 kule Ukara ikaja MV Nyerere, kivuko cha watu 101, tukazika watu 228. Hilo ndo la kubishania kijiweni.

*Dada, mama yangu alipanda MV Bukoba daraja la tatu, mimi nina miaka minne. Mwili hatukuupata. Wenzangu wana kaburi la kupalilia, mimi sina. Niende wapi? Msomaji, Muleba.*

Pole sana mdogo wangu, pole tena. Nenda Igoma, pale Mwanza. Walizikwa wengi bila kutambuliwa na huenda mama ni mmoja wao, kila mwaka watu wanakutana pale wanasali, wa misikiti na wa makanisa. Usiende peke yako mara ya kwanza, chukua ndugu. Ukitaka kupalilia, palilia, kaburi lolote lenye majani pale ni la mama wa mtu.

Kuna kingine ambacho kinaniuma. Abiria wa daraja la kwanza na la pili waliorodheshwa, wa daraja la tatu hawakuandikwa, ndo maana mpaka leo idadi ni makadirio. Yaani mama yako hata kwenye karatasi hakuwepo. Basi nitumie jina lake kamili na kijiji alichotoka, na wengine wenye ndugu wa daraja la tatu tumeni, na nyie wa mialoni tumeni majina ya wazee walioingia ziwani siku ile kama wenyewe wameridhia. Ukurasa huu toleo la Mei hautakuwa na maswali, tutapanga majina tu, na la mama yako litakuwa la kwanza.